Kiindonesia na wimbi la Kiingereza: Lugha hudumu kwa kupewa kazi

Katika kongamano moja la walimu wa Kiswahili nililohudhuria wakati wa likizo, mwalimu mmoja kijana alisimama akauliza swali lililotunyamazisha sote.

"Wazee wetu," alisema, "kila mwaka mnatuambia kwamba taifa haliwezi kuendelea kwa lugha ya kuazima. Mkitakiwa kutoa mfano mnatutajia Wajapani, watu ambao hawakutawaliwa kama tulivyotawaliwa sisi. Nitajieni taifa moja lililotawaliwa na mzungu, lenye makabila mengi kama letu, ambalo liliiweka kando lugha ya mkoloni, likainua lugha ya kwao na bado likasimama."

Kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa nimeketi karibu na kipaza sauti, ilinibidi nijibu. Niliitaja Indonesia. Nilieleza kwa dakika chache jinsi Waindonesia walivyoachana na Kiholanzi, ukumbi ukanipigia makofi, nami nikaketi nikijiona mshindi. Lakini njiani nikirejea nyumbani nafsi ilianza kunisuta. Jibu langu lilikuwa la kweli, ila lilikuwa nusu. Nilisimulia jinsi lugha hiyo ilivyoinuliwa, nikayanyamazia yanayoipata leo. Mwalimu yule alistahili jibu zima. Makala haya ni deni ninalolilipa.

Lugha iliyotoka bandarini

Indonesia ni nchi yenye visiwa zaidi ya 17,000 na watu zaidi ya milioni 280. Mwaka 2019 idara ya serikali inayoshughulikia lugha ilikuwa imekwisha kuorodhesha lugha za kienyeji 718. Waholanzi walifika huko mwishoni mwa karne ya 16 wakiwa wafanyabiashara, wakaishia kuwa watawala hadi Wajapani walipowang'oa mwaka 1942.

Mnamo tarehe 28 Oktoba 1928, vijana kutoka visiwa mbalimbali walikutana mjini Batavia, mji ambao leo huitwa Jakarta, wakala kiapo ambacho hadi sasa kila mtoto wa shule nchini humo hukikariri. Walikiri kwamba wana nchi moja, kwamba wao ni taifa moja, na kwamba wataitukuza lugha moja ya umoja, yaani lugha ya Indonesia. Hapo ndipo pia wimbo ambao ungekuja kuwa wimbo wa taifa ulipopigwa hadharani kwa mara ya kwanza, ukapigwa kwa fidla bila maneno.

Ni lugha gani hiyo waliyoiapia? Asili yake ni Kimalei, lugha iliyotumika kwa karne nyingi katika bandari na masoko ya visiwa hivyo. Waliozaliwa wakiisema kama lugha ya mama walikuwa sehemu ndogo tu ya watu wote. Lugha yenye wenyewe wengi ilikuwa Kijava, nayo ilikuwa na fasihi kongwe yenye kuheshimika. Kwa nini basi vijana wale, ambao wengi wao walikuwa Wajava, hawakuchagua Kijava?

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba kuichagua lugha ya walio wengi kungewafanya wengine wahisi wametoka kwa bwana mmoja wakaingia kwa bwana mwingine. Ya pili imo katika maumbile ya Kijava chenyewe. Lugha hiyo ina ngazi za heshima. Maneno ya kumwambia mkubwa siyo ya kumwambia mdogo, na mtu hawezi kutamka sentensi kabla ya kupima nani yuko juu na nani yuko chini. Vijana waliotaka usawa waliona kwamba lugha ya namna hiyo ingewarudisha kwenye mazulia ya masultani. Kimalei hakikuwa na mzigo huo. Kilikuwa mali ya baharia, mchuuzi na mwalimu wa dini, na hata Waholanzi wenyewe walikitumia katika kuendesha utawala.

Msomaji wa Kiswahili hana budi kujitambua katika hadithi hii. Nasi tuna lugha iliyolelewa pwani, ikabebwa na majahazi na misafara, isiyo ya kabila moja kubwa, na iliyochota maneno kwa Waarabu, Wahindi na Wareno. Nilipofungua kamusi ya Kiindonesia kwa mara ya kwanza nilidhani nimekutana na binamu. Kamusi wao huiita *kamus*, sabuni huiita *sabun*, habari huwa *kabar*, na meza huwa *meja*. Neno *dunia* ni dunia, na *bendera*, tuliyopewa sote na Mreno, ni bendera.

Kazi kwanza, sifa baadaye

Tuseme kweli: siku ile ya kiapo lugha yenyewe haikuwa tayari. Waliokula kiapo walikuwa wamesomeshwa kwa Kiholanzi, na mambo ya sheria, tiba na uhandisi waliyajua kwa Kiholanzi. Lau wangalisubiri hadi Kiindonesia kipate istilahi zote ndipo kianze kutumika, wangalikuwa wanasubiri hadi leo.

Hawakusubiri. Waandishi walianzisha magazeti na majarida. Jarida mashuhuri la fasihi, *Pujangga Baru*, lilianza mwaka 1933. Mwaka 1938 wataalamu walikutana mjini Solo katika kongamano la kwanza la lugha hiyo. Kisha ikaja vita. Wajapani walipoingia mwaka 1942 walikipiga marufuku Kiholanzi. Walitamani Kijapani kishike nafasi hiyo, lakini watu hawafundishwi lugha ngeni kwa usiku mmoja. Basi ofisi, shule na redio zikalazimika kufanya kazi kwa Kiindonesia, na mwaka huo huo kamati ikaundwa ya kutunga istilahi. Kwa muda wa miaka mitatu na nusu lugha ile ilibebeshwa mizigo ambayo haikupata kuibeba kabla, nayo haikuvunjika mgongo.

Uhuru ulipotangazwa tarehe 17 Agosti 1945, tangazo lenyewe lilisomwa kwa Kiindonesia. Katiba iliyopitishwa siku iliyofuata ikasema katika kifungu cha 36 kwamba hiyo ndiyo lugha ya dola. Tangu hapo imefundishia watoto wa msingi na imefundishia madaktari, mawakili na wahandisi katika vyuo vikuu. Tahajia yake ilisanifiwa upya mwaka 1972 ili ikaribiane na ile ya Malesia, na kamusi kuu ya taifa ikatolewa mwaka 1988, katika ukumbusho wa miaka 60 ya kiapo. Pramoedya Ananta Toer, mwana wa Java aliyefungwa katika kisiwa cha Buru kwa miaka kumi, hakuandika riwaya zake kwa Kijava cha mamake wala kwa Kiholanzi cha watawala. Aliandika kwa Kiindonesia, na ulimwengu ukamfuata kwa tafsiri.

Hii ndiyo sehemu ya hadithi niliyoisimulia kongamanoni. Funzo lake ni moja, nalo nitalirudia hadi mwisho wa makala haya: lugha hukua ikiwa kazini. Kiindonesia hakikupewa kazi kwa kuwa kilikuwa na istilahi; kilipata istilahi kwa kuwa kilipewa kazi.

Wimbi lisilo na bunduki

Sasa nije kwenye nusu niliyoificha.

Kiingereza hakikuingia Indonesia kwa manowari. Waingereza waliitawala Java kwa muda mfupi tu, kati ya 1811 na 1816, wakaondoka bila kuacha athari kubwa katika lugha. Kwa hiyo Mwindonesia hana kidonda cha kale kinachomkumbusha ubaya wa Kiingereza. Kwake yeye lugha hiyo ina uso safi: ni lugha ya ndege, ya sinema, ya kompyuta na ya mshahara mnono. Kiholanzi kilifukuzwa kwa kuwa kilikuwa adui mlangoni. Kiingereza kimealikwa sebuleni, na wahenga walishatuonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Kitazameni kinavyofanya kazi. Katika maduka makubwa ya Jakarta na mitaa mipya ya makazi, majina ya Kiingereza yamejaa kila pembe, kwa sababu mwenye nyumba anaamini kwamba nyumba yenye jina la kigeni huuzwa ghali zaidi. Vijana wa kusini mwa jiji hilo wamezua msemo wa kuchanganya, ambapo sentensi ya Kiindonesia hukatwa katikati na viunganishi vya Kiingereza kama vile "which is" hata pasipokuwa na haja yoyote. Wenzao huwacheka, lakini mwigo huenea. Aidha, kuna wazazi wenye uwezo wanaozungumza na watoto wao kwa Kiingereza tangu utotoni na kuwapeleka katika shule za kibinafsi za Kiingereza, hata wako watoto Waindonesia wanaobabaika wakiambiwa wasome gazeti la nchi yao.

Msomaji ataniuliza: je, hao si wachache? Ni wachache, naam. Lakini ndio watakaokuwa mawaziri, majaji na wenye viwanda. Lugha huanza kuporomoka pale wenye uwezo wanapoihama, maana maskini naye humtazama tajiri akahisi ameachwa katika nyumba inayovuja.

Shule zilizopimwa na mahakama

Kwa walimu, kisa cha kuzingatia zaidi ni cha shule zilizoitwa za kiwango cha kimataifa. Sheria ya elimu ya mwaka 2003 iliagiza kwamba serikali ziendeleze shule za namna hiyo. Shule za umma takriban 1,300 ziliingizwa katika mpango wa majaribio. Katika shule hizo hisabati na sayansi zilitakiwa kufundishwa kwa Kiingereza, na wazazi waliruhusiwa kutozwa ada ambazo shule za kawaida hazikutoza.

Hebu mwalimu ajiweke mahali pa mwenzake wa huko. Umesomea fizikia kwa Kiindonesia, umeifundisha kwa Kiindonesia kwa miaka kumi na mitano, nawe ni hodari. Asubuhi moja unaambiwa uifundishe kwa Kiingereza. Fizikia unaijua, lakini ulimi umefungwa. Mwanafunzi naye, badala ya kuuliza kwa nini jiwe linaanguka, anatafuta kwanza neno la kuulizia. Hapo hakuna aliyeelimika. Sayansi imekosekana na Kiingereza nacho hakikupatikana.

Wazazi na watetezi wa elimu walikwenda katika Mahakama ya Katiba. Tarehe 8 Januari 2013 mahakama hiyo ilikifuta kifungu kilichoziruhusu shule hizo. Miongoni mwa hoja zake zilikuwamo mbili ambazo mimi husoma kama hoja moja: kwamba mpango huo uliwabagua watoto wa wasiokuwa na fedha, na kwamba kuitukuza lugha ya kigeni darasani kulihatarisha utambulisho wa taifa. Nasema ni moja kwa sababu lugha ya kigeni ikiwa ndiyo mlango wa elimu bora, basi mlango huo una bei, na mwana wa mkulima hubaki nje akichungulia dirishani.

Jirani zao wa Malesia walipitia njia iyo hiyo. Mwaka 2003 walianza kufundisha sayansi na hisabati kwa Kiingereza, na mwaka 2009, baada ya malalamiko na maandamano, serikali ikatangaza kwamba itarejea kwa Kimalei.

Asinielewe mtu vibaya. Mahakama haikusema watoto wasijifunze Kiingereza. Kujifunza lugha ni jambo moja. Kujifunza kila kitu kwa lugha hiyo ni jambo jingine. Mtaala wa Indonesia wa mwaka 2013 haukukifanya Kiingereza kuwa somo la lazima katika shule za msingi, lakini mwaka 2025 serikali ilitangaza nia ya kukifanya cha lazima kuanzia darasa la tatu. Binafsi sioni ubaya katika hilo, maadamu kinabaki kuwa somo na hakigeuki kuwa mlango wa masomo mengine yote.

Sheria isiyo na meno

Serikali ya Indonesia haikukaa kitako. Mwaka 2009 ilitunga sheria inayohusu bendera, lugha, nembo na wimbo wa taifa. Sheria hiyo inataka Kiindonesia kitumike katika hotuba rasmi, katika elimu, katika majina ya majengo na barabara, na katika mikataba inayomhusu Mwindonesia. Mwaka 2010 na mwaka 2019 marais walitoa amri za kuitilia nguvu.

Lakini sheria ile ina kasoro ya kuchekesha. Anayeichana bendera au kuidhihaki nembo ya taifa amewekewa adhabu. Anayeidharau lugha hakuwekewa yoyote. Ndiyo maana mabango ya Kiingereza yangali yananing'inia Jakarta.

Tena pale sheria hiyo ilipong'ata, ilimng'ata asiyetarajiwa. Kampuni moja ya huko ilikopa zaidi ya dola milioni 4 kutoka kwa kampuni ya Marekani, na mkataba ukaandikwa kwa Kiingereza pekee. Mkopaji alikwenda mahakamani akiomba mkataba ubatilishwe kwa kuwa haukuandikwa kwa lugha ya taifa. Mwaka 2013 mahakama ya Jakarta Magharibi ilikubaliana naye, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikauthibitisha uamuzi huo. Tangu hapo mawakili huandika mikataba kwa lugha mbili. Lugha imeshinda, ndiyo, ila imeshinda kama ngao ya mdaiwa. Huo si ushindi ambao mpenzi wa lugha angeuimbia shairi.

Maneno yaliyoota na yaliyokauka

Ushindi wa kweli nimeuona mahali pengine, katika maneno madogo ya kila siku.

Kompyuta zilipoenea, Waindonesia walihitaji neno la kuchukua kitu kutoka mtandaoni na kukiweka katika mashine yako. Waliazima kwa Kijava *unduh*, neno la kuchuma matunda mtini. Kwa kitendo cha kupeleka kitu mtandaoni walichukua *unggah*, lenye maana ya kupanda juu. Mswahili atatabasamu, kwa sababu nasi tulifanya vivyo hivyo: tulilitwaa *pakua*, neno la jikoni na la bandarini, na *pakia*, neno la wachukuzi. Wao walipanda mtini, sisi tukaenda chunguni, na wote tukarudi na neno lililoshiba.

Si kila neno liliota. Wataalamu wao walitoa *mangkus* na *sangkil* ili yasimame badala ya maneno ya kigeni yanayoeleza kazi yenye ufanisi. Yamo kamusini, lakini watu wameendelea kusema *efektif* na *efisien*. Kinyume chake, neno *daring*, lililofupishwa kutokana na maneno yenye maana ya "ndani ya mtandao", lilikuwapo kwa miaka likijulikana na wachache. Ulipokuja ugonjwa wa Korona mwaka 2020, shule zikafungwa, na mamilioni ya watoto wakaanza kusoma wakiwa nyumbani. Ghafla kila mwalimu, kila mzazi na kila mwanafunzi alihitaji neno la kuyaita masomo hayo, na neno lilikuwa tayari linangoja. Leo hakuna asiyelijua.

Nini kilichotofautisha *daring* na *mangkus*? Si uzuri wa sauti, wala si amri ya serikali. Ni kazi. Moja lilipata ajira, jingine likabaki na cheti bila ajira. Sisi nasi tunayo ya namna hiyo. Mwanafunzi wetu huandika *tarakilishi* na *rununu* katika insha ya mtihani, akitoka nje ya lango la shule anasema kompyuta na simu. Siwalaumu waliotunga maneno hayo. Nauliza tu: tuliyapa kazi gani nje ya mtihani?

Jiji la Jakarta lilitoa mfano mwingine wa werevu. Reli yake ya chini ya ardhi iliyofunguliwa mwaka 2019 ilikuwa imekwisha kuzoeleka kwa herufi tatu za Kiingereza, MRT. Badala ya kupigana na herufi, wakuu wa jiji walizitafutia maneno ya Kiindonesia yanayoanza nazo, *Moda Raya Terpadu*, yaani usafiri mkuu uliounganishwa. Abiria hakubadilisha chochote kinywani mwake, na lugha ikaingia kituoni kwa mlango wa mbele.

Nyani na kundule

Ningeishia hapa ningekuwa nimerudia kosa la kongamanoni, la kusimulia nusu. Kuna jambo ambalo watetezi wa Kiindonesia hawapendi kuulizwa.

Sensa ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano ndiye aliyetumia Kiindonesia kama lugha ya kila siku nyumbani. Waliosalia wengi walitumia lugha za mababu zao, ingawa karibu wote walikijua Kiindonesia. Lakini idadi ya nyumba zinazohamia lugha ya taifa imekuwa ikipanda, na kila nyumba inapohama kuna lugha ndogo inayobaki yatima. Katika visiwa vya Maluku, lugha kama Kajeli na Hukumina zimekwisha kufa. Mtu wa visiwani aliyesikia bibi yake akizikwa na lugha yake, akisoma makala ya mtu wa Jakarta anayelia kwamba Kiingereza kinamuonea, atasema nyani haoni kundule.

Waindonesia wenyewe wamelitambua jambo hilo. Katiba yao iliyorekebishwa inaitaka dola iziheshimu na kuzihifadhi lugha za kienyeji, na mwaka 2022 wizara ya elimu ilianzisha mpango wa kuzihuisha shuleni. Kauli inayoenezwa na idara yao ya lugha ina vipande vitatu: kitangulizwe Kiindonesia, zihifadhiwe lugha za kienyeji, zimudiwe lugha za kigeni. Naipenda kauli hiyo kwa sababu haimfukuzi mtu yeyote mezani. Kila lugha imepewa kiti chake, na kugombania viti ndiko kunakoleta vita.

Mizani ya heshima nayo imekuwa ikisogea. Tarehe 20 Novemba 2023 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulikikubali Kiindonesia kuwa lugha yake rasmi ya kumi. Sisi tulikuwa tumeshangilia miaka miwili kabla, Novemba 2021, shirika hilo hilo lilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ni heri, na tushangilie. Lakini sherehe haziishi ndani ya lugha mwaka mzima. Wanaoishi humo ni watu.

Kibao nilichomvisha mwanafunzi

Hapo ndipo ninapolazimika kuungama. Nikiwa mwalimu mpya katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja, kanuni ilikuwa Kiingereza siku zote isipokuwa Ijumaa. Aliyevunja kanuni alivishwa shingoni kibao chenye kamba tulichokiita diski, akakaa nacho hadi amnase mwingine. Mimi mwalimu wa Kiswahili niliapishwa pamoja na wenzangu kuisimamia.

Jumanne moja nilitoka darasani baada ya kufundisha insha ya methali. Nyuma ya jengo niliwakuta wavulana wawili wakibishana kwa Kiswahili. Nilimvisha mmoja wao kibao. Akaniambia kwa adabu, macho yake yakitazama chini: "Mwalimu, nilikuwa namweleza mwenzangu lile swali ulilotupa." Sikumvua. Niliogopa mkuu wa shule angeniona. Siku hiyo nilimfundisha mtoto yule jambo ambalo sikulikusudia: kwamba Kiswahili ni kitu cha kufanyia mtihani, si kitu cha kufikiria nacho.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imekiita Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kimekuwa somo la lazima tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Kwa upande wa sheria hatuna cha kuwaonea wivu Waindonesia. Kinachotupungukia ni kazi. Tumekipa Kiswahili vipindi kadhaa kwa juma na Ijumaa moja, tukakiajiri kama kibarua, kisha tunashangaa hakina akiba.

Sitamwambia mwalimu asiye na mamlaka juu ya mtaala aubadilishe mtaala. Namwambia kuhusu yaliyo mikononi mwake. Kumbukumbu za mkutano wa wazazi zaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na mzazi aliyezoea kukaa kimya nyuma ya ukumbi atanyosha mkono. Chama cha sayansi chaweza kufanya mjadala mmoja kwa muhula kwa Kiswahili, na wanafunzi watajionea wenyewe ni neno gani linakosekana na lipi lipo ila hatujalitumia. Mwanafunzi anayelielewa swali la hisabati kwa Kiswahili aachwe amweleze mwenzake kwa Kiswahili, kisha waliandike jibu kwa Kiingereza cha mtihani. Na kibao cha shingoni, popote kilipobaki, kitupwe motoni. Hakijapata kumfundisha mtu yeyote Kiingereza.

Kwa mwalimu kijana wa kongamano, jibu langu zima ni hili. Ndiyo, lipo taifa lililotawaliwa na mzungu, lenye makabila mengi kuliko letu, lililoinua lugha yake likasimama. Lilifanya hivyo kwa kuibebesha lugha hiyo mizigo kabla haijawa tayari. Na leo, karibu miaka mia moja baada ya kiapo, lugha hiyo inatikisika mahali popote inapopokonywa mizigo hiyo na kukabidhiwa nyingine, iwe ni darasani, mkatabani au sebuleni. Kiapo hakikuilinda milele, na sheria haikuilinda. Inalindwa kila asubuhi na mwalimu anayeeleza jambo gumu kwa lugha hiyo, na mtoto akalielewa.

Kiingereza tukijifunze, tena tukijue barabara. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao.